Mnada wa Jogoo Mbele ya Tingatinga

Wenzangu wa dawati la haki, siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, keki na ombi. Saa nimeitundika jikoni, keki wajukuu waliimaliza kabla sijaionja vizuri, limebaki ombi: niandike niliyoyaona kazini ili wanaoingia sasa wasianze gizani. Nimekubali, ila kwa masharti yangu. Habari za vyeo naziruka kwa kuwa vilikuwa vichache, na za mshahara pia, kwa kuwa mnaujua. Ni ule ule wenu. Mkitaka nadharia za ukombozi nendeni chuoni, kuna watu wanalipwa kuzieleza. Mimi nilikuwa msaidizi wa sheria wa kanisa hapa Kisumu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo niliifanya nimesimama kwenye tope.

Siku ya kwanza nilifika nimejipamba. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ukumbi wa kanisa, tukikaa pamoja na ngoma za kwaya na sufuria za harusi, na ukitaka kufungua kabati ilibidi kwanza uhamishe ngoma. Nilikuwa na cheti kipya, viatu vya visigino na mkoba uliojaa vipeperushi. Aliyenipokea alikuwa Mwalimu Zablon, mkuu wa dawati, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, mwembamba, mwenye kofia aliyoivua wakati wa sala na wakati wa kula tu. Alivitazama viatu vyangu. Akaingia nyuma ya ngoma, akatoka na mtungi wa plastiki, akanikabidhi.

"Twende Nyalenda, Truphosa. Utachota maji."

"Mwalimu, mimi nimeajiriwa kufundisha haki."

"Na utafundisha. Lakini hao watu hawakujui, na wewe hujui wanaamka saa ngapi."

Nilidhani anatania. Baada ya muda mfupi nilikuwa nyuma ya laini ndefu ya akina mama kwenye bomba la mtaa wa Nyalenda, nimebeba mtungi kama niliyepotea njia. Msimamizi wa bomba alikuwa Mama Dorsila, mjane ambaye nyumba yake ya mabati ilikuwa hapo hapo kando. Mumewe, fundi viatu, alimwachia watoto wadogo na ile nyumba. Alikuwa na kigoda, leso mbili na sauti iliyofika mwisho wa laini bila taabu.

"Wewe wa viatu!" akaniita. "Unaenda harusi ya nani na mtungi?"

Laini nzima ikacheka. Nikacheka pia kwa kukosa la kufanya. Nilipojitwisha mtungi nikateleza, maji yote yakanimwagikia, na kisigino kimoja kikabaki ndani ya tope. Mama Dorsila akavua patipati zake za mpira, akanirushia, akaketi peku siku ile yote huku akiendelea kunicheka. Nilizivaa wiki nzima. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya Mwalimu Zablon kwa kila mfanyakazi mpya: wiki moja kwenye laini ya maji bila kutamka neno haki. Niliichukia kwa siku mbili. Halafu nikaanza kusikia. Nani landilodi amemng'olea mlango, mume wa nani anashikiliwa kwa kukosa kitu kidogo cha kumpa askari, nani anafua nguo za tajiri na hajalipwa tangu Krismasi. Wiki ilipokwisha nilikuwa na kesi nyingi kuliko aya za vipeperushi vyangu, na vipeperushi vyenyewe Mama Dorsila alikuwa amewasha navyo jiko.

Mwalimu Zablon alikuwa mtu wa sala, lakini sala yake ilikuwa fupi. Nakumbuka mvua moja ya mchana, mama mmoja wa mtaa wa Obunga ametupiwa vitu nje na mwenye nyumba, na sisi tumejibana kwa jirani tumwombee. Mzee wa kanisa mmoja aliyekuwa nasi akaanza kuomba. Akamshukuru Mungu kwa jua, kwa mwezi, kwa wamisionari, akaanza kuzunguka nchi za mbali. Nje godoro la yule mama linalowa. Katikati ya sentensi Mwalimu Zablon akasema "Amina" kwa sauti kubwa, sote tukafumbua macho, na yeye tayari alikuwa nje ameshika upande mmoja wa godoro. Yule mzee wa kanisa akashika upande wa pili, kwa sababu alikuwa mtu mzuri pia, sema tu alikuwa mbali wakati huo. Tangu siku ile sijawahi kuomba kwa muda mrefu mahali ambapo kuna kitu cha kubeba.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuwa na tabia yake. Gambuti, kwa ajili ya Nyalenda wakati wa mvua. Kipaza sauti cha betri, ambacho kilikuwa kizima siku zote ofisini na kibovu siku zote kwenye mkutano. Thermosi, kwa sababu mtu aliyefukuzwa nyumbani hawezi kukumbuka jina la landilodi wake kabla ya kunywa kitu cha moto. Na Biblia na Katiba, ambazo nilizibeba katika mfuko mmoja mpaka zikafanana rangi. Siku moja Obunga nikasoma kifungu cha Katiba kuhusu makazi, na watu wote wakaitikia "Amina!" kwa moyo. Nikaona niendelee vizuri, nikafungua Biblia nikasoma habari ya wanaoongeza nyumba juu ya nyumba mpaka maskini anakosa pa kukaa. Mzee mmoja akainua mkono.

"Madam, hiyo nayo iko ukurasa gani ya Katiba? Nataka nionyeshe chifu."

Nikamwambia hiyo ni ya zamani zaidi. Akasema basi chifu hana kisingizio.

Kesi iliyonikaa moyoni miaka ile ilikuwa ya ufuo mmoja karibu na Port Victoria. Huko wenye mashua waliwauzia samaki wale wanawake tu waliokubali kuwa wapenzi wao. Jambo hilo lina jina, jaboya, na jambo baya likishapata jina watu hulizoea upesi. Risper, mama kijana wa watoto wawili, alikuwa amekataa. Kila alfajiri alisimama ufukweni na karai lake, kila asubuhi alirudi nalo tupu. Mchungaji wa pale alikuwa ameliona tatizo, akalihubiri vikali. Aliwahubiria wanawake. Tulikaa benchi la nyuma tukasikia yote, juu ya usafi wa mwili na vishawishi, na mimi nilikuwa nachemka hata sikuweza kuimba. Baada ya ibada Mwalimu Zablon akamwuliza kwa upole:

"Mchungaji, wenye mashua huwa wanakaa benchi gani?"

"La mbele, Mwalimu. Ndio wafadhili wetu."

"Basi mahubiri yamepita juu ya vichwa vyao."

Mchungaji hakukasirika, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Walikaa chini wakazungumza mpaka chai ikapoa. Sasa, ninyi mliokulia pwani ya ziwa mnajua kwamba mashua mpya haiingizwi majini kabla haijaombewa. Mwenyewe huchinja mbuzi, hununua soda, huita ndugu mpaka wa upande wa Uganda, na mchungaji huja na kanzu. Hata mvuvi asiyekanyaga kanisani mwaka mzima hawezi kuthubutu kuisukuma kavu kavu. Hapo ndipo Mwalimu Zablon alipoona mlango.

Mashua iliyofuata kuombewa ilikuwa ya mkubwa wa ufuo wote. Mbuzi yuko motoni, wageni wamekaa, mashua imepakwa bluu na nyeupe mpaka inang'aa. Mchungaji akasimama, akasema kabla ya sala kuna dada anataka neno. Risper akaja mbele. Alikuwa amelibeba lile karai lake tupu.

"Sisi tunataka kununua samaki na pesa," akamwambia mwenye mashua. "Si na kitu ingine. Baba akisema hapa mbele ya watu kwamba hii mashua itauza hivyo, tutaomba. Akinyamaza, mashua ikae tu hapo kwa mchanga."

Mwenye mashua akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama ziwa. Wakwe wa mwenye mashua walikuwepo, mbuzi alikuwa ananukia, na hapakuwa na njia ya kwenda nyuma. Mwenye mashua akasema itauza kwa pesa tu, kwa sauti ya mtu aliye na ugonjwa wa koo.

"Sema na nguvu, Baba," Risper akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia."

Akarudia kwa nguvu. Nilipiga vigelegele mpaka Mwalimu Zablon akanivuta mkono. Sitawadanganya kwamba jaboya iliisha siku ile. Baadhi ya mashua zilifuata mfano, nyingine zilikwenda kuombewa kwingine, na mchungaji wa kubariki bila maswali hakosekani. Risper mwenyewe alifungiwa milango na wenye mashua wengine, akahamia Kisumu, akaanza kukaanga samaki Nyalenda, akajiunga na kanisa letu. Karai halikuwa tupu tena. Sauti ilibaki, na ikawa inaongezeka.

Mwalimu Zablon alifariki nikiwa tayari nimekalia kiti chake. Tulimzika kwao, kofia yake juu ya jeneza. Nililia kuliko wanawe, mpaka mkewe akaja kunibembeleza mimi badala ya mimi kumbembeleza yeye.

Sasa nifike kwenye ile mnayoniuliza kila tunapokunywa chai. Ilitokea miaka ya mwisho mwisho ya kazi yangu. Mama Dorsila alikuwa amezeeka, watoto wamekua na kutawanyika, lakini bado alisimamia bomba lile lile na kuishi katika nyumba ile ile, benchi la mumewe la kushonea viatu likiwa ukutani. Bwana mmoja mwenye uwezo akatokea na hati akisema kiwanja ni chake, bomba, nyumba ya Mama Dorsila na safu nzima ya majirani zake. Watu waliozaliwa pale na kuzaa pale wakaambiwa wahame. Tulipeleka kesi mahakamani Ijumaa, na wakili wetu wa kujitolea akaambiwa jaji atatusikiliza Jumatatu asubuhi. Tukafurahi kama wajinga. Wabomoaji wa mji huu wanaijua kalenda ya mahakama kuliko mawakili, na wikendi ndiyo msimu wao wa mavuno. Jumamosi msimamizi wa yule bwana akapita na kopo la rangi nyekundu, akipiga alama ya X juu ya kila mlango.

Basi ilikuwa hivi: tukiweza kuzifikisha nyumba zile Jumatatu zikiwa zimesimama, jaji angekuwa na kitu cha kulinda. Zikianguka Jumapili, tungekuwa tunashtaki vumbi. Nilimwendea mchungaji wetu, kijana aliyekuwa kwenye kituo chake cha kwanza, nikamwomba ahamishie ibada ya Jumapili kwenye bomba. Alifikiri kidogo tu.

"Sawa, Mama Truphosa. Ibada iishe saa ngapi?"

"Mchungaji," nikamwambia, "isiishe."

Tulibeba viti, hema na ngoma alfajiri. Mama Dorsila alikataa kukaa nasi. Mtu alikuwa amemwambia nyumba isiyo na mtu ndiyo inayobomolewa kwanza, hivyo akaweka kigoda mlangoni, akafunga ufunguo shingoni, akasema hatoki hapo kwa lolote.

"Nitaomba kutoka hapa," akasema. "Mungu anasikia mpaka kwa mlango."

Alikuwa anaogopa. Nilimfahamu miaka yote hiyo na sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. Kina mama walimpelekea chai pale pale.

Mchungaji alikuwa amefika katikati ya mahubiri, kwa yule mfalme aliyetamani shamba la mizabibu la jirani yake, tingatinga liliposikika likija. Nyuma yake pikapu, ndani yake msimamizi na vijana wa kukodiwa wenye mitaimbo. Kwaya haikungoja ishara. Injini ikipandisha sauti, kwaya nayo inapandisha. Tingatinga likaja mpaka kiti cha mwisho, ambako wazee wa umoja wa akina mama walikuwa wamesimama safu moja na vitambaa vyao vyeupe kichwani, wakiimba, wameligeuzia mgongo. Hakuna hata mmoja aliyegeuka. Nilikuwa naomba kwa macho wazi. Dereva akasimamisha mashine. Akapunguza injini. Halafu akavua kofia.

"Endelea!" msimamizi akapiga kelele.

"Wanaomba," dereva akajibu. "Ngoja wamalize."

Msimamizi akanijia mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na kipaza sauti. "Mama, mnamaliza saa ngapi?"

"Tuko karibu," nikamwambia. Karibu ya kanisani mnaijua.

Mahubiri yalipokwisha yakaja matangazo. Kila kikundi kilikuwa na tangazo siku ile: kwaya ya wakubwa, kwaya ya wadogo, kikundi cha mazishi, kamati ya choo. Ukaja ushuhuda. Mama mmoja alisimulia jinsi alivyopona malaria, akaanzia kwenye mbu. Vijana wa mitaimbo waliletewa chai na mandazi, wakatafuta viti, na ukishakaa kwenye kiti cha kanisa na mandazi mkononi si rahisi kubomoa. Kisha mchungaji akafika kwenye wageni.

"Tuna wageni leo," akasema. "Ndugu yetu wa kwenye mashine, tusalimie."

Dereva akatazama huku na huku. Akasimama juu ya tingatinga, kofia kifuani.

"Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Bwana asifiwe tena."

"Amina!"

"Kwa majina naitwa Wycliffe. Natoka Kakamega, kwa sasa naishi hapa Kisumu. Nimeokoka na nampenda Yesu." Akasita, akalitazama bamba la chuma la kubomolea mbele yake. "Nimekuja… nimekuja kikazi."

Kanisa lilivunjika mbavu. Hata Mama Dorsila mlangoni nilimwona ameziba mdomo na leso. Tukamkaribisha Wycliffe kwa makofi matatu ya wageni, kama tunavyomkaribisha kila mtu.

Baada ya wageni, mnada. Kwetu, asiye na pesa huleta sadaka ya alichonacho shambani au bandani, ikauzwa hapo hapo baada ya ibada. Dalali wetu alikuwa Risper. Siku za kawaida alimaliza kazi kabla watoto hawajaanza kulia njaa. Siku ile aliuza trei ya mayai yai moja moja. Aliuza mkungu wa ndizi kidole kwa kidole, akieleza tabia ya kila kimoja. Msimamizi alikuwa anazunguka pikapu akiongea na simu. Jua lilikuwa utosini. Na mwisho kabisa kikabaki kitu kimoja, jogoo mwekundu, mnene, mwenye dharau. Nikajua baada ya huyo jogoo hatuna kitu tena.

Risper akamkumbatia, akatembea naye polepole kati ya viti mpaka mbele ya tingatinga, akamwinua juu.

"Mnaona hii jogoo? Ona mguu. Ona kifua. Sasa mimi nauliza kanisa: mtu wa Kakamega, mtu wa kuku, ataangalia jogoo kama hii ikichukuliwa na Wajaluo, watu wa samaki?"

Watu wakalia kwa kicheko. Wycliffe akajaribu kukaza uso, ikamshinda.

"Mama, usinifanyie hivyo," akasema. "Niko kazini."

"Kazi haikatazi macho. Mzee wa kanisa ametoa bei. Wewe?"

Wycliffe akataja bei. Mzee wa kanisa akaongeza kidogo. Wycliffe akaongeza. Mzee akaongeza tena, na naapa yule mzee alikuwa hana hata nauli ya kurudi nyumbani. Wycliffe akacheka, akataja bei ya mwisho, akashuka kwenye mashine kuja kulipa. Mara ya kwanza tangu afike, hakukuwa na mtu juu ya tingatinga. Lilibaki linanguruma peke yake.

Kwa desturi ya mnada wetu, mnunuzi huulizwa kuku anaenda wapi. Wengine huondoka naye, wengine humrudisha auzwe tena, wengine humpa mtu. Risper akauliza. Wycliffe akatupa macho kwenye viti, kisha akaona yule mama mzee aliyekaa mbali peke yake, mlangoni.

"Nampatia yule pale. Anafanana na kukhu wangu." Kwao kukhu ni nyanya. "Nampelekea mimi mwenyewe."

Akaenda naye, amemshika jogoo miguu. Mama Dorsila akampokea kwa mikono miwili.

"Ero kamano, wuoda," akasema, yaani asante, mwanangu. Akampapasa jogoo mgongo. Halafu akauliza, na mimi niliyekuwa karibu nasema hakuwa na hila, alikuwa anauliza tu kama mtu aliyepewa mfugo anavyouliza: "Sasa hii kuku italala wapi leo?"

Wycliffe akainua macho. Alama nyekundu ya X ilikuwa pale mlangoni, juu ya kichwa cha Mama Dorsila. Nadhani asubuhi alionyeshwa safu tu, akaambiwa mabati haya, mabati yale. Kisha akarudi kwenye tingatinga, akapanda, na mimi moyo ukanishuka. Akazima injini.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa, maana tulikuwa tumezoea kupiga kelele juu ya ile sauti. Msimamizi akaja mbio na simu, akamsukumia. Tulimsikia mkubwa wake kwenye simu hata bila kutaka.

"Mashine imeharibika wapi?"

"Mashine iko sawa, boss. Ni mimi nimekataa." Akasikiliza. "Ndiyo. Najua, boss. Lakini siwezi kupea mtu kuku halafu nibomoe mahali italala."

Dereva mwingine hakupatikana Jumapili ile. Jumatatu jaji alitusikiliza akazuia ubomoaji, kesi ikaenda miaka mingine, na mwisho bomba na nyumba zote zikabaki kwa wenyewe. Hayo mnayo kwenye faili. Katika ripoti kwa wafadhili niliandika kwamba ubomoaji ulisitishwa kufuatia mazungumzo na wadau, kwa sababu nafasi ya kujaza ilikuwa ndogo. Lakini faili halina kilichotokea baada ya ile simu, na hicho ndicho kilichonifanya nikubali kuandika.

Wycliffe alimrudishia msimamizi ufunguo. Pikapu ikaondoka, vijana nyuma yake bado wanatafuna. Akabaki amesimama kando ya tingatinga, kofia mkononi, mtu aliyepoteza kazi mchana kweupe mbele ya kanisa zima, katika mtaa ambamo hakumjua mtu. Na sisi tuliokuwa tumesema tangu asubuhi tukabaki tunashikashika viti. Niliona haya kidogo, kwa sababu nyumba zilikuwa zimesalimika na gharama ilikuwa imemwangukia yeye, naye alikuwa na watoto kama sisi.

Ndipo Mama Dorsila akainuka kwenye kigoda. Alikuwa hajatoka mlangoni pale tangu alfajiri. Akauacha mlango wazi, hata hakuutazama nyuma, akapita katikati ya viti vyetu na jogoo kwapani, akamfikia Wycliffe, akamshika mkono.

"Kuja ndani ukae, wuoda," akamwambia. "Nyumba iko."